Upawa wa Pili

Sogeeni, wanangu, sogeeni mkekani. Leo nina hadithi ya chungu kinachosema.

Mnalijua lile jengo la pande tano, pale Arlington, Virginia? Ukitoka Washington unavuka mto Potomac, unalikuta. Ndilo Pentagon, jengo la ulinzi la Marekani, lililokamilika mwaka 1943. Leo tulifanye jiko. Na ndani ya jiko hilo tuteleke chungu kikubwa.

Mwaka 1947 Wamarekani waliyatia majeshi yao chungu kimoja: la nchi kavu, la wanamaji na la anga. Mpishi aliyekabidhiwa, Waziri wa Ulinzi wa kwanza, aliitwa James Forrestal.

"Mjomba, alipika peke yake?"

Swali zuri hilo! Mtoto aulizaye hivyo ana macho ya kuona. Sheria ilimpa wasaidizi maalumu watatu. Waliweza kumshauri, waliweza kumletea kuni. Lakini upawa ulikuwa mmoja tu, mkononi mwake. Naibu hakuwa naye.

Mwanzoni Forrestal mwenyewe aliona ofisi ndogo inatosha. Chungu kikaita, "Nachemka! Nani atanikoroga?" Akakoroga. Wanamaji na watu wa anga wakabishana, kila mmoja anataka kazi hii na fedha ile. Machi 1948 ilibidi awachukue wakuu wa majeshi mpaka Key West, Florida, wakae wagawane kazi. Na huku nyuma? "Nachemka! Nani atanikoroga?"

"Mjomba, kwa nini hakuomba msaada?"

Aliomba, mwanangu. Na hapo ndipo ninapompendea. Mtu mzima, mwenye cheo kikubwa, alibadili mawazo yake na akayaandika. Mwishoni mwa 1948, katika ripoti yake, alishauri sheria ibadilishwe, waziri apate msaidizi mkuu wa kumshikia kazi. Sheria ikabadilishwa Aprili 1949. Lakini Forrestal alikuwa amechoka, amechoka sana. Machi alikuwa ameshaondoka kazini. Upawa wa pili ulikuja, mpishi hayupo.

Aliyeushika wa kwanza ni Stephen Early, Mei 1949, akimsaidia waziri mpya, Louis Johnson. Agosti mwaka huohuo cheo chake kikaitwa Naibu Waziri wa Ulinzi. Na hadi leo cheo hicho kipo.

"Mjomba, wapishi wawili chungu kimoja, si watagombana?"

Ah, hilo tumwulize chungu mwenyewe! Chungu kinajibu: "Mwenye jiko ni mmoja. Naibu hukoroga kwa niaba yake. Waziri akisafiri, naibu yupo. Waziri akiugua, naibu yupo. Chumvi ikizidi, wa kuulizwa kwanza ni waziri."

"Na naibu huchaguliwa na nani?"

Marekani, Rais humteua, kisha Baraza la Seneti humhoji na kumpitisha. Tena haruhusiwi kuwa mbunge huku akiwa naibu. Kwetu Tanzania ni kinyume: Rais huwateua manaibu waziri kutoka miongoni mwa wabunge. Ndiyo maana kule Dodoma mnamsikia naibu akisimama bungeni kujibu maswali kwa niaba ya waziri wake. Majiko mawili, desturi mbili, lakini haja ni ileile: chungu kisiungue mpishi akiwa safarini.

Mmeniuliza vizuri sana, wanangu. Sasa nami nina neno kwenu. Kuomba msaada si uvivu. Waziri mwenye naibu hapungui uwaziri, na mama anayekupa upawa hapungui umama. Basi siku kazi ikikuelemea, iwe ya shule au ya nyumbani, usingoje mpaka uchoke kabisa. Ita mapema: "Ndugu yangu, njoo unishikie upawa." Nawe ukiitwa, nenda mbio. Koroga vizuri, kama chungu ni chako.