Njia Iliyogeuka Makao: Chimbuko na Kukua kwa Kanisa la Methodisti Nchini Kenya

Kanisa la Methodisti nchini Kenya lina asili yake katika mgogoro wa madaraka uliotokea Uingereza. Baada ya kifo cha John Wesley mwaka 1791, mamlaka juu ya wafuasi wake yalibaki mikononi mwa wachungaji waliokutana kila mwaka katika Mkutano Mkuu, na waumini wa kawaida hawakuwa na sauti humo. Mwaka 1857, makundi mawili yaliyokuwa yamejitenga yaliungana kuwa United Methodist Free Churches, dhehebu lililoshikilia kwamba kanisa la mahali lina haki ya kujiendeshea mambo yake.

Dhehebu hilo ndilo lililotuma wamisionari pwani ya Afrika Mashariki. Mwaka 1862 Johann Ludwig Krapf, aliyeanza kukichunguza Kiswahili katika miaka ya 1840, aliwaongoza hadi Mombasa, na Thomas Wakefield akaanzisha kituo cha Ribe, miongoni mwa Wamijikenda. Shabaha yao ilikuwa Waoromo, na Ribe ilikusudiwa iwe njia tu ya kuwafikia. Hata hivyo, njia hiyo iligeuka makao, kwani kituo cha Golbanti, kando ya mto Tana, hakikuanzishwa hadi miaka ya 1880.

Mizizi ya kanisa ilishikwa na wenyeji, pamoja na watoro waliokimbia utumwa. Mwanzoni mwa mwaka 1889, watoro zaidi ya 1,400 wa vituo vya misheni vya pwani, wakiwamo wa Ribe, walipewa hati za uhuru baada ya mabwana zao kulipwa fidia. Hata elimu iliyompatia Wakefield sifa ilikuwa na mwenyewe: maelezo ya njia za misafara aliyoyachapisha mwaka 1870 yalitokana hasa na masimulizi ya Sadi bin Ahedi, mzaliwa wa Udigo.

Mwaka 1912 kazi ilifika Meru, ambako kanisa lilipata wafuasi wengi. Madaraka, lakini, yalibaki Uingereza hadi mwaka 1967, Kanisa la Methodisti nchini Kenya lilipojitegemea. Hivyo, haki ambayo dhehebu mama liliidai kwa kujitenga iliwachukua waumini wa Kenya miaka 105 kuipata. Mtafiti anayesoma kumbukumbu za misheni hana budi kuuliza, katika kila ukurasa, nani aliyeandika na nani aliyesimulia.