Kompyuta ya Magemu Huanzia Ukutani

Barabara kuu itokayo Dar es Salaam kwenda Mbeya na Zambia hupita Ipogolo, chini ya kilima kilichobeba mji wa Iringa, na kwa kuwa malori na mabasi hayakatiki usiku wala mchana, kijana wa hapa atakaye kuunda kompyuta yake ya kwanza ya kuchezea magemu hapungukiwi na njia ya kuletewa vifaa. Apungukiwacho ni njia ya kuvirudisha. Maduka yenye vifaa vingi vya kuchagua yako Kariakoo, mwendo wa takriban kilomita 500, na kipeto kilichoteremshwa stendi ya Igumbilo kikiwa na ubao mama usiokubaliana na prosesa yake kimekwisha kula nauli ya kuja, kitakula nauli ya kurudi, na aghalabu kitaanzisha ubishi na mwuzaji ambaye mnunuzi hajapata kumwona uso kwa uso. Yampasa basi kukamilisha hesabu yake yote kwenye karatasi kabla shilingi ya kwanza haijamtoka.

Wengi huanza hesabu hiyo na prosesa au kadi ya grafiki, maana ndivyo vifaa vyenye sifa midomoni mwa watu. Mimi nashikilia kwamba ianzie ukutani, kwenye soketi ya umeme. Umeme wetu umepangwa kuwa wa volti 230, lakini hushuka jioni nyumba zote za mtaa zinapoutumia kwa pamoja, hukatika pasipo taarifa, na urudipo hurudi kwa kishindo. Mto Ruaha Mdogo, upitao papa hapa Ipogolo, huungana na Ruaha Mkuu, na maji yake husukuma mitambo ya Mtera, yenye megawati 80, kisha ile ya Kidatu, yenye megawati 204. Hata hivyo ukame ulipoyapunguza maji ya mabwawa, mgao wa umeme haukuwabagua watu wa kando ya mto huu na watu wa mbali. Kuanzia mwaka 2024 mitambo ya Bwawa la Julius Nyerere, lililojengwa kwa kusudio la megawati 2,115, imeanza kuleta nafuu kubwa, nayo ni neema ya kushukuriwa, ila hitilafu ya waya au transfoma ya mtaani haiondolewi na wingi wa maji bwawani.

Kifaa kinachokabiliana na maudhi hayo yote ni pawa saplai, ambayo kazi yake ni kuupokea umeme wa ukutani na kuugeuza kuwa wa volti 12, 5 na 3.3 unaotumiwa na viungo vya ndani, na ambayo, kwa kuwa haionekani wala haiongezi kasi ya gemu, ndiyo wanunuzi huifanyia ubahili kuliko vyote. Ile inayotolewa bure pamoja na kasha, nyepesi mkononi, yenye nyaya nyembamba na maandishi ya wati 500 ambayo hakuna aliyeyathibitisha, mimi siipokei hata kwa zawadi. Mnunuzi aigeuze ubavu asome kibandiko. Akiona imeandikwa 100–240 ajue kwamba imeundwa kustahimili volti zikishuka sana, ilhali iliyoandikwa 200–240 yaweza kuzima katikati ya mchezo saa za jioni. Na akiona nyuma yake kijiswichi chekundu chenye 115 na 230, ahakikishe kimeelekezwa 230 kabla ya kuchomeka, kwa sababu kikiwa upande wa pili umeme wetu utaiunguza papo hapo. Alama ya 80 Plus, iliyoanza kutolewa mwaka 2004, hushuhudia kwamba umeme mwingi unafika kwenye kazi badala ya kupotea kwa joto. Si hakikisho la kila kitu, lakini ni ushahidi bora kuliko maneno matupu ya kwenye boksi.

Ukubwa wake nao ni jambo la kujumlisha, si la kukisia. Kwa mfano, kadi ya Radeon RX 6600 hutumia wati 132, prosesa ya Ryzen 5 5600 yaweza kufikia wati 76, na tukiweka wati 50 kwa feni, diski, RAM na ubao mama, jumla haifiki 260. Pawa saplai ya kweli ya wati 500 au 550 inatosha na kubakiza. Mzazi anayehofia LUKU apewe hesabu hiyo hiyo: kompyuta inayotumia wati 250, ikichezewa saa 4, hula uniti 1, mbali na ile ya skrini. Juu ya hayo naipendekeza UPS ndogo, yaani betri ya akiba, si kwa ajili ya kumalizia mechi gizani, bali kwa dakika chache za kuhifadhi kazi na kuzima kwa taratibu.

Umeme ukisha kupatiwa dawa, linalofuata ni maafikiano ya viungo. Prosesa huketi katika soketi yake tu: Ryzen 5 5600 hutaka ubao mama wa AM4, na Core i3-12100F ya Intel hutaka wa LGA1700, wala hakuna hila ya kuvibadilishana. RAM ya DDR4 haiingii katika nafasi ya DDR5. Herufi F mwishoni mwa jina la prosesa ya Intel maana yake haina grafiki ya ndani, hivyo pasipo kadi skrini itabaki nyeusi, na mwenye kompyuta atadhani ameuziwa kibovu. Tena mbao mama za B450, zilizotoka mwaka 2018, hazikuzijua prosesa za Ryzen 5000 zilizokuja baadaye. Hudai kwanza bayosi mpya, yaani programu inayouamsha ubao mama, na swali la kama imekwisha kuwekwa huulizwa kwa simu kabla ya kutuma fedha.

Iko njia ya pili, ya kununua kompyuta ya mtumba iliyokwisha kuundwa, ambayo katika nchi yetu ndiyo ipitwayo na wengi. Mwaka 1974 serikali ilipiga marufuku uingizaji wa kompyuta nchini, na marufuku hayo yakadumu kwa miaka mingi. Leo ofisi za ng'ambo zinapobadili mashine zake, Dell OptiPlex na HP za mtumba hutufikia kwa wingi na kwa kima kisichoumiza. Anayenunua moja ya hizi apendelee yenye prosesa ya Intel ya kizazi cha nane au zaidi, kwa kuwa Windows 11 haizikubali rasmi za nyuma yake, na Windows 10 ilikoma kuhudumiwa tarehe 14 Oktoba 2025. Kikwazo ni kwamba OptiPlex nyingi zina pawa saplai ya umbo na plagi za peke yake, isiyobadilishwa kwa ile ya kawaida, na kasha jembamba lisilopokea kadi ndefu. Hapo sharti itafutwe kadi fupi isiyohitaji waya wake wa umeme, kama baadhi ya GTX 1650, inayojitosheleza kwa wati 75 za kwenye ubao mama.

Kadi za mtumba zataka hadhari zaidi. Baada ya sarafu ya kidijitali ya Ethereum kuacha kuchimbwa kwa kadi za grafiki mwezi Septemba 2022, kadi zilizofanya kazi usiku na mchana, RX 580 zikiwa nyingi miongoni mwazo, zilimwagwa sokoni. Nyingine ni za uongo kabisa, kadi za kale zilizoandikiwa jina la GTX 1050 Ti, na programu ya bure iitwayo GPU-Z huzifichua mara moja. Izungushe feni kwa kidole usikilize kama inakwaruza, tazama kama skrubu zimechubuka kwa kufunguliwa mara nyingi, kisha omba ichezeshwe gemu zito kwa nusu saa mbele ya macho yako, au ya ndugu aliyeko Dar es Salaam.

Juu ya joto sina mengi. Ipogolo iko karibu mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na hewa nyepesi hubeba joto kidogo, lakini baridi yetu ya Juni na Julai hufidia. Adui ni vumbi la barabarani, na kasha liwe na chujio linalotoka na kuoshwa.

Kwa asiye na fedha zote kwa mkupuo, ushauri wangu ni Ryzen 5 5600G, ambayo ina grafiki ya ndani inayomudu magemu ya mpira na mengi ya zamani. Aipe RAM mbili za GB 8 badala ya moja ya GB 16, kwa kuwa grafiki hiyo huazima RAM hiyo hiyo, na mbili huipa njia mbili za kupitishia data. Kadi itakuja mwakani, lakini pawa saplai ainunue leo yenye wati za kuihudumia kadi hiyo, na waya wake wa pini 8 tayari, ili siku kipeto cha pili kitakapoteremshwa Igumbilo pasiwe na kitu kingine cha kuagiza.