Kasuku wa Kijivu, Ndege wa Miaka Hamsini

Mtoto wa Kahendero hukua akiwajua ndege. Kijiji hiki cha wavuvi kiko ukingoni mwa Ziwa George, wilayani Kasese nchini Uganda, kikiwa kimezungukwa na Hifadhi ya Taifa ya Queen Elizabeth. Mwari huogelea karibu na mitumbwi wakisubiri mabaki ya samaki, mnandi huanika mabawa yao, na kwazi hushuka ghafla na kuondoka na ngege kuchani. Ila kuna ndege mmoja ambaye mtoto huyu ana uwezekano mkubwa zaidi wa kumkuta tunduni mjini kuliko angani: kasuku wa kijivu mwenye mkia mwekundu.

Kasuku huyu hapendi mbuga wala mafunjo. Hutaka msitu wenye miti mirefu, iliyozeeka na kutoboka, ambamo jike hutaga mayai mawili hadi manne. Wako Kibale, wako Semuliki, wako kwenye visiwa vya Ziwa Victoria na hata kwenye miti mikubwa ya Entebbe. Makao yao makuu, hata hivyo, ni misitu ya Kongo, ng'ambo ya mpaka wa Mpondwe pale Bwera.

Kwa mwili si mkubwa: sentimita 33 hivi toka kichwani hadi mkiani, uzito kama nusu kilo au pungufu. Lakini umri wake unashangaza. Akitunzwa vizuri anaweza kufikisha miaka 40, 50, hata 60. Binamu zake wa Amerika ya Kusini na ya Kati, wale kasuku wakubwa wa rangi za kuwaka wanaoitwa makau, nao ni hivyohivyo. Kuku wa nyumbani angeona vitukuu vya vitukuu vyake kabla kasuku hajaanza kuzeeka.

Mbona basi kasuku wengi wa tunduni hufa mapema? Jibu la kwanza liko bakulini.

Wafugaji wengi humpa alizeti na karanga siku nenda siku rudi, kwa kuwa ndivyo anavyovichagua mwenyewe. Vyakula hivi vimejaa mafuta na vina upungufu mkubwa wa vitamini A na madini ya chokaa. Miaka ikipita, ini hujaa mafuta, mishipa ya damu hukakamaa, ngozi laini ya kinywani na puani hudhoofika na kuruhusu vijidudu kupenya. Karanga zenye ukungu ni hatari zaidi, kwani hubeba sumu ya aflatoksini, ileile inayowasumbua wakulima wa mahindi Afrika Mashariki nzima. Karanga ambayo mama mwenye nyumba angeitupa isiishie kwa ndege.

Tena kasuku wa kijivu ana udhaifu wake hasa: chokaa ya damuni hupungua kwake kuliko kwa kasuku wengine wengi. Mwenye nyumba humwona ndege akiyumba, akidondoka kutoka kwenye kijiti chake, kisha akitetemeka kama mwenye kifafa, naye akadhani ni uchawi au sumu. Mara nyingi ni chokaa tu, pamoja na vitamini D inayohitajika ili mwili uitumie. Hapo watu wa Kasese wana bahati ambayo mfugaji wa London hana. Jua la ikweta ni bure. Kinachotakiwa ni kumtoa ndege nje asubuhi kwa muda, tundu likiwa na upande wenye kivuli, maana miale inayotengeneza vitamini D haipiti kwenye kioo cha dirisha. Ganda la yai lililochemshwa, likakaushwa na kusagwa, linaweza kunyunyizwa juu ya chakula.

Chakula chenyewe hakihitaji duka la kifahari. Dodo (mchicha) na sukuma wiki, karoti, boga, viazi vitamu vya rangi ya machungwa, papai, pilipili, mahindi mabichi, maharage yaliyochemshwa yakaiva kabisa. Porini kasuku hawa hupenda sana matunda ya mchikichi, yaleyale yanayotoa mawese, na wekundu ule ni dalili ya utajiri wa viini ambavyo mwili hugeuza kuwa vitamini A. Ndege aliyezoea alizeti ataisusa mboga kwa siku kadhaa. Asilazimishwe kwa njaa. Achanganyiwe kidogokidogo, na ikiwezekana amwone mtu anayempenda akila kitu hichohicho. Kasuku huiga hata mezani.

Viko pia vya kumwepusha navyo kabisa, na la kusikitisha ni kwamba vingi ndivyo vilivyojaa majumbani upande huu. Parachichi lina kemikali inayoushambulia moyo wa ndege. Kipande kidogo chaweza kumuua. Kahawa, fahari ya miteremko ya Rwenzori, hurusha mapigo ya moyo wake kupita kiasi, na chokoleti vilevile. Chumvi ya Katwe ibaki kwenye chungu cha familia.

Jibu la pili liko hewani. Mapafu ya ndege hayafanyi kazi kama ya binadamu. Hewa hupita upande mmoja tu, ikisukumwa na vifuko vya hewa vilivyotapakaa mwilini, na kila funda huhitaji mizunguko miwili ya pumzi hadi litoke. Mfumo huo hunyonya oksijeni kwa ustadi mkubwa, ndiyo maana ndege huweza kuruka mbali bila kuzimia. Kwa ustadi huohuo hunyonya pia moshi. Sigiri ya mkaa inayowaka jikoni, sigara, dawa ya mbu ya kupuliza: vyote humfikia kasuku kabla mtu hajakohoa. Kikaango cha kisasa kisichoshika chakula kikisahaulika motoni hadi kikapata joto kupita kiasi, mvuke wake unaweza kumuua ndege aliye chumba cha pili ndani ya dakika chache. Kwa hiyo tundu lisiwekwe jikoni kamwe.

Jibu la tatu ni gumu zaidi, kwa sababu haliwezi kununuliwa. Mwaka 1977 mtafiti Irene Pepperberg alinunua kasuku wa kijivu kwenye duka moja la Chicago, akamwita Alex. Kwa miaka 30 alimfundisha. Alex alijua majina ya vitu, rangi na maumbo, akahesabu hadi sita, na akaweza kusema kama vitu viwili vinafanana au vinatofautiana. Alifariki ghafla Septemba 2007, akiwa na miaka 31. Kisha mwaka 2020 watafiti waliripoti kwamba kasuku wa kijivu humpa mwenzake kisarafu cha kununulia chakula hata pale ambapo yeye mwenyewe hapati chochote.

Akili ya namna hii ikifungiwa peke yake uani huumia. Porini kasuku hulala pamoja kwa mamia, huitana kutwa nzima, na huwa na mwenzi. Tunduni, asiye na mtu wala kazi, huanza kung'oa manyoya yake mwenyewe, akianza kifuani, hadi ngozi ya waridi ionekane. Wengine husema ni ukorofi. Sivyo: huenda ni ugonjwa, na mara nyingi ni upweke. Anahitaji kuzungumzishwa, kutolewa tunduni kila siku, kupewa gunzi la mahindi la kupasua, matawi ya mpera ya kutafuna, chakula kilichofichwa ndani ya karatasi ili akitafute. Anahitaji pia usingizi wa saa 10 hadi 12 gizani. Mstari wa ikweta hukatiza karibu na Kikorongo, na usiku wa hapa humpa karibu saa 12 mwaka mzima, mradi televisheni isiwe sebule moja naye hadi usiku wa manane.

Ndege huficha ugonjwa, kwani porini mnyonge ndiye huliwa kwanza. Akionekana amejikunyata huku amefutua manyoya, tayari hali ni mbaya. Dawa ya hilo ni mizani ndogo ya jikoni. Apimwe kila wiki, asubuhi kabla hajala, na namba iandikwe. Ndege wa gramu 450 akipoteza gramu 45 apelekwe kwa daktari wa mifugo siku hiyohiyo. Kinyesi nacho husomeka: sehemu ya kijani, sehemu nyeupe na majimaji safi. Mabadiliko yakidumu siku nzima yana maana. Mfugaji anawe mikono baada ya kusafisha, kwa kuwa kasuku huweza kumwambukiza binadamu bakteria wa homa ya mapafu.

Yote hayo yanamhusu ndege ambaye tayari yuko nyumbani kihalali. Kumnunua mpya mpakani ni jambo jingine. Kuanzia 1975 zaidi ya kasuku milioni moja wa kijivu waliokamatwa porini waliuzwa nje ya nchi zao, na wengine wengi walikufa njiani. Nchini Ghana utafiti uliochapishwa mwaka 2016 ulionyesha kwamba wamepungua kwa asilimia 90 hadi 99 tangu mapema miaka ya 1990. Mwaka huohuo, mkutano wa CITES, mkataba wa kimataifa unaosimamia biashara ya viumbe walio hatarini, huko Johannesburg ulipiga marufuku biashara ya kimataifa ya kasuku wa porini. Nchini Uganda, Sheria ya Wanyamapori ya 2019 inataka kibali cha Mamlaka ya Wanyamapori, UWA, na adhabu inayohusu spishi zilizo hatarini yaweza kufika faini ya shilingi bilioni 20 au kifungo cha maisha. Aprili 2022 kasuku 122 kutoka Kongo walikamatwa wilayani Kisoro, upande wa Bunagana. Walipelekwa kituo cha wanyamapori cha Entebbe, na raia mmoja wa Kongo akafungwa miaka 7. Anayeuziwa kinda Bwera kwa bei ya kutupa ananunua kiota kilichobomolewa. Pa kwenda ni ofisi ya UWA.

Mwenye ndege wake halali ana kazi moja iliyobaki. Mfugaji wa miaka 45 aliye na kasuku wa miaka mitano huenda akatangulia yeye. Akae na wanawe mapema, achague atakayemrithi, na ndege amzoee mtu huyo tangu sasa kwa kulishwa na mkono wake. Kisha daftari moja likae pamoja na kibali: uzito wake wa kila wiki, chakula anachokula, namba ya daktari, na maneno anayoyasema anapotaka maji.