Muhogo wa Arua na Koboko: biashara iko kwenye usafi wa mbegu

Kampuni ya Uganda ikitaka kushirikiana na watafiti wa serikali, mara nyingi huanzia kwenye mahindi. Njia yake imeshazoeleka. Shirika la Taifa la Utafiti wa Kilimo, NARO, hutoa aina chotara. Kampuni huchukua leseni, huzidisha mbegu, hufungasha na kuuza. Bazooka, mahindi yanayouzwa na NASECO, ni mfano unaojulikana hadi vijijini. Mkulima akirudia punje za chotara alizovuna, mavuno hushuka, kwa hiyo msimu ukifika anarudi dukani.

Katika wilaya za Arua na Koboko hesabu hiyo inagoma, kwa sababu zao lenyewe ni muhogo. Enya, ugali wa huku, hupikwa kwa unga wake, na muhogo hupandwa kwa vijiti. Umuuzie mtu mafungu machache leo. Mwakani ana vijiti vya kugawia mashemeji na majirani, bure. Mwenye leseni amdai nani mrabaha? Uganda ina Sheria ya Kulinda Aina za Mimea tangu 2014, lakini sioni ni nani atazunguka mashamba yote ya Arua na Koboko akihesabu vijiti.

Kwa maoni yangu, anayetaka faida asahau kumiliki aina. Auze usafi.

Ugonjwa wa michirizi kahawia ya muhogo, uliozuka upya Uganda kuanzia 2004, ni mjanja. Shamba linaweza kusimama vizuri, majani yakapita kwa mtazamaji wa haraka, kumbe ukikata kiazi vipande unakuta madoa ya kahawia, makavu na magumu, yasiyolainika hata kwa kuchemsha. Wakati huo vijiti vya shamba hilo vimeshasambaa. Ugonjwa mwingine wa muhogo, batobato, angalau huonekana kwenye majani. Kwa michirizi kahawia jicho halitoshi, kinahitajika kipimo cha maabara. Aina za NASE 14 iliyotolewa 2011 na NAROCASS 1 ya 2015, zote za kituo cha Namulonge, huvumilia magonjwa haya, ila kuvumilia si kinga kamili. Inzi weupe wanaendelea kueneza virusi, na kadiri misimu inavyopita mbegu inachoka. Inabidi ifanywe upya. Mkulima anayeihitaji upya ndiye mteja anayerudi.

Tatizo ni umbali. Namulonge iko Wakiso, na kutoka Kampala hadi Arua ni karibu kilomita 500. Vijiti ni vizito, hukauka njiani, na ekari moja kwa nafasi ya mita moja kila upande inameza kama mashina 4,000. Tena muhogo huzidi polepole: shamba moja la mbegu hutoa vijiti vya mashamba kama kumi tu, wakati mahindi huzidi zaidi ya mara mia. Basi kuzidisha lazima kufanyike hapa hapa. Mlango wa karibu ni Abi, kituo kilichopo barabara ya Rhino Camp, kimoja kati ya vituo tisa vya kanda vya NARO. Mfanyabiashara mwenye ardhi na kibarua anaweza kuomba mbegu mama na mafunzo, akubali kung'oa mashina yanayoonyesha dalili, kisha akaguliwe na Wizara ya Kilimo. Akipita, mbegu yake inapata lebo ya kijani, ile ya daraja la ubora uliotamkwa.

Lakini atamuuzia nani? Kwa miaka mingi wanunuzi wakubwa wa vijiti hapa walikuwa mashirika ya misaada, yakihudumia wakimbizi wa Rhino Camp, Imvepi na Lobule, pamoja na serikali kupitia mpango wa Operation Wealth Creation. Wote waligawa bure. Aliyezoea kupewa hatoi shilingi kirahisi, na mzidishaji anayetegemea zabuni moja hubaki na shamba la miti mizee zabuni isipokuja. Tangu 2022 Mpango wa Maendeleo ya Parokia umeleta mikopo ya shilingi milioni moja kwa kaya. Sasa mkulima mwenyewe anaweza kupata fedha za kununua mbegu, ingawa nguruwe na mbuzi wanazigombania pia.

Mnunuzi ninayemwamini zaidi ni msagaji. Koboko inapakana na Kongo na Sudan Kusini, na barabara ya lami inafika Oraba, mpakani. Anayetaka kuvusha unga rasmi anakutana na viwango: Codex, viwango vya kimataifa vya chakula, inaruhusu miligramu 10 tu za sianidi kwa kilo ya unga, na unyevu usiozidi asilimia 13. Msagaji wa namna hiyo ana sababu ya kumkopesha mkulima vijiti safi na kukata deni lake kwenye mzigo wa muhogo. Mkataba wake na kituo cha utafiti utaje mapema mambo mawili: nani analipia vipimo vya virusi, na hasara ni ya nani shamba la mbegu likikataliwa na mkaguzi wakati wakulima wameshalima wakisubiri mvua za Machi.