Sindano Inayomchangamsha Mnyama Bila Kumponya



Ng'ombe amelala siku mbili, hataki kula, masikio yameinama. Unamchoma sindano ya deksamethasoni, na kesho yake asubuhi anasimama, anatafuta majani, macho yamechangamka. Ndiyo maana dawa hii inapendwa, na wengine huichoma kila mnyama anapozubaa. Lakini kilichobadilika ni hali ya mnyama. Ugonjwa wake huenda bado upo palepale.

Deksamethasoni ni homoni ya jamii ya steroidi. Inafanana na homoni ambayo mwili hujitengenezea katika tezi mbili ndogo zilizo karibu na figo. Homoni hiyo hupanda mnyama anapoogopa au anapoumia, ili apate nguvu ya kuhimili shida. Ile ya chupani ina nguvu takriban mara 25 kuliko ya mwilini. Inashusha homa, inapunguza uvimbe na maumivu, inaleta hamu ya kula. Wakati huohuo inapunguza kinga ya mwili. Kama ng'ombe ana homa ya mapafu, vijidudu vinaendelea kuzaana huku yeye akionekana ana nafuu, na akianguka tena huanguka vibaya zaidi.

Daktari wa mifugo huitumia kwa sababu maalumu, mara nyingi kwa siku chache tu. Hatari kubwa ni kuirudia wiki baada ya wiki. Tezi zikiona homoni ipo tele, zinalala. Siku ukiacha ghafla, mnyama hana homoni ya kutosha ya kwake mwenyewe. Utamwona mnyonge, anabaki nyuma ya kundi, chakula hakitaki. Zizini anaweza kuonekana ana afadhali, kisha akaanguka njiani mnapokwenda maji ya mbali, kwa kuwa mwili umeshindwa kuhimili safari. Kama umeshaitumia muda mrefu, usiikate kwa siku moja. Mweleze mtaalamu ukweli wote, idadi ya sindano na tarehe, ili akupangie namna ya kuipunguza kidogo kidogo.

Mabadiliko ya tabia huonekana waziwazi zaidi kwa mbwa, hasa anayepewa vidonge vya prednisoloni kwa muda mrefu kwa ajili ya ngozi inayowasha. Anakunywa maji mno na kukojoa mara nyingi. Njaa haimwishi, hata ataiba nyama jikoni. Anahema usiku wa baridi, hatulii. Baadhi yao huwa wakali, hasa mtu akisogelea chakula chao au akiwagusa ghafla wakiwa wamelala. Mbwa aliyezoea kuchezewa na watoto anaweza kunguruma asipotarajiwa. Si mbwa wote huwa hivyo, na kwa kawaida hali hupungua dozi inaposhuka, lakini kwa kipindi hicho watoto wakae mbali naye anapokula.

Hata hivyo, usiseme upesi, "Ni dawa tu hiyo." Mbwa aliyebadilika tabia anaweza kuwa na kichaa cha mbwa, awe anatumia dawa au hatumii. Akimuuma mtu, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha mpeleke hospitali siku hiyohiyo. Usingoje kuona mbwa atakuwaje.

Kwa ng'ombe, mbuzi na kondoo wenye mimba kubwa, sindano hii inaweza kuitoa mimba. Ng'ombe akiwa katika miezi mitatu ya mwisho, sindano moja inaweza kutosha, na mara nyingi kondo la nyuma hubaki ndani. Anayekamuliwa naye anaweza kupungukiwa maziwa kwa muda. Kwa hiyo kabla ya mtu yeyote kumchoma jike wako, mwambie kama ana mimba na ni ya miezi mingapi, hata kama hakukuuliza.

Dukani, soma jina la dawa kwenye chupa, au mpe kijana anayejua kusoma akusomee. Baadhi ya chupa zina antibayotiki na deksamethasoni pamoja, na mwenye kununua hudhani amepata antibayotiki peke yake. Ichunge chupa hiyo hadi mtaalamu afike aione. Kama chanjo iko karibu, mwambie mchanjaji ni mnyama yupi amechomwa na lini, kwa sababu mwili uliopungukiwa kinga huenda usiipokee chanjo vizuri.