Wapiga Mbiu wa Kale (2): Saada na Mkate wa Wishwa

Juma lililopita tuliwaacha Talthybios na Eurybates, wapiga mbiu wa Agamemnon, mfalme wa Wagiriki, wamesimama kimya mbele ya Achilles. Wametumwa kumchukua Briseis, mateka wa Achilles, na wanaona haya. Achilles, pamoja na ghadhabu yake yote, anawakaribisha na kuwaita wajumbe wa Zeus na wa wanadamu. Mjumbe hauawi. Wasparta waliowatupa kisimani wajumbe wa mfalme wa Uajemi waliona wamejiletea laana, wakapeleka watu wao wawili kwa Xerxes wauawe kuwa fidia. Xerxes akawarudisha wazima.

Sasa tuje kwetu. Ukiufuata Mto Tana kutoka Garsen hadi unapomwaga maji baharini, Kipini, umo katika nchi ya Fumo Liyongo, shujaa wa Waswahili. Mapokeo yanasema alizikwa Ozi. Utendi wake aliutunga Muhammad Kijumwa wa Lamu mwaka 1913, ingawa hadithi yenyewe ni kongwe: Edward Steere alikwisha kuichapisha mwaka 1870.

Mjumbe wa humo ni kijakazi, jina lake Saada. Liyongo amefungwa Pate, kifo chake kimeshapangwa, na Saada humletea chakula kutoka kwa mama yake Liyongo. Kizuri chote walinzi hukila wao. Basi Liyongo anamtuma kwa mashairi, walinzi wakisikia: amwambie mama aoke mkate wa wishwa, na ndani yake atie tupa. Ulipoletwa, walinzi wakaudharau. Wishwa nani ale? Ukamfikia mwenyewe. Kisha akaomba apigiwe ngoma ya gungu kabla ya kufa, na kwa kishindo cha mapembe na matoazi hakuna aliyesikia tupa ikikata pingu.

Talthybios ana fimbo mkononi, na kila amwonaye anajua ametumwa na nani. Saada hana fimbo wala Zeus. Kinga yake ni kudharauliwa. Walinzi hawakudhani kijakazi angeweza kubeba neno zito, kama wasivyodhani wishwa ungeficha chuma. Watu humsifu Liyongo kwa kimo chake na upinde wake, nami sibishi, ila bila Saada angefia kifungoni.

Juma lijalo tutaingia kwa Wapokomo na ngadzi, ngoma yao kuu iliyotwaliwa enzi za Waingereza na mpaka leo imo katika jumba la makumbusho London.