Pikoboli, Sehemu ya Pili: Kibao cha Kudumu Nacho

Mchezaji wa pikoboli akishindwa mara tatu mfululizo, kitu cha kwanza kushukiwa ni kibao. Kinawekwa kando, kinanunuliwa kingine, na kwa wiki mbili mambo yananyooka. Kisha makosa yaleyale yanarudi, naye anaanza tena kupekua matangazo. Katika sehemu ya kwanza tulieleza uwanja na sheria za mchezo huu. Leo nashughulikia kibao, kwa sababu naona wachezaji wengi wanapoteza fedha na, kibaya zaidi, wanaupotezea mkono wao nafasi ya kujifunza. Hoja yangu ni kwamba kibao kichaguliwe kwa yale yasiyoweza kubadilishwa baada ya kukinunua, kisha mchezaji adumu nacho mpaka kibao chenyewe kichoke, si mpaka yeye akichoke.

Kiangazi cha mwaka 1965, katika kisiwa cha Bainbridge, ng'ambo ya maji kutoka mji wa Seattle nchini Marekani, Joel Pritchard na rafiki yake Bill Bell walitaka kucheza badminton na familia zao, lakini vifaa havikutimia. Wakashika vibao vya mpira wa meza na mpira wa plastiki wenye matundu. Vibao vile havikuhimili kazi hiyo. Rafiki yao Barney McCallum akawasha msumeno wake wa umeme, akakata vibao vikubwa zaidi kwa plaiwudi, na kwa karibu miaka ishirini mbao ndizo zilizotawala. Mageuzi yaliletwa mwaka 1984 na mtu wa ndege. Arlen Paranto, mhandisi wa kampuni ya Boeing, alichukua mabamba mepesi yanayotumika kwenye sakafu za ndege za abiria, yenye vijumba vya sega la nyuki katikati na ngozi ngumu juu na chini, akayakata yakawa vibao. Vibao vingi vinavyouzwa leo bado vinafuata wazo hilohilo: kiini cha vijumba, siku hizi vya plastiki ya polipropilini, kilichobanwa kati ya ngozi mbili za nyuzi za kaboni au za kioo.

Sheria zimeweka mipaka michache tu ya ukubwa. Urefu na upana vikijumlishwa visizidi sentimita 60.96, na urefu peke yake usizidi sentimita 43.18. Uzito hauna kikomo, wala unene. Kwa hiyo mtengenezaji akiongeza urefu hana budi kupunguza upana. Kibao kirefu kilichozoeleka kina takriban sentimita 41.9 kwa 19, na kipana kina 40.6 kwa 20.3. Tofauti inaonekana ndogo sana ukiisoma hapa, lakini uwanjani ni kubwa. Kirefu kinakufikisha kwenye mpira uliokuwa unakupita na kinaupa mpigo wako kasi, kwa sababu ncha yake husafiri njia ndefu. Gharama yake ni kwamba eneo zuri la kupigia ni jembamba, na mpira ukigonga karibu na ukingo kibao hupinduka mkononi. Kipana kinasamehe zaidi. Kwa maoni yangu, mtu ambaye hajacheza mwaka mzima hana haja ya kibao kirefu, hata kama bingwa anayempenda anakitumia.

Basi, ni yapi yasiyobadilika? La kwanza ni hilo umbo. La pili ni unene wa kiini. Vibao vingi viko kati ya milimita 13 na 16. Kile cha 16 humeza sehemu ya nguvu ya mpira unaokuja, na mpira hutoka kwa utulivu. Chembamba huurudisha kwa haraka, na huo ndio mvuto wake kwa wapigaji wa nguvu. La tatu ni urefu wa mpini. Mwenye kupiga kwa mikono miwili upande wa kushoto anahitaji mpini wa sentimita 14 hivi. Akinunua mfupi, mkono wa pili utakosa pa kushika, na hakuna fundi wa kumsaidia. La nne ni mzingo wa mpini, ambao kwa kawaida ni kati ya sentimita 10 na 11.5. Hapa nasihi uchukue mwembamba ukiwa na shaka. Mpini mwembamba hunenepeshwa kwa kuuzungushia utepe juu ya utepe, lakini mnene haupunguzwi. Mpini mnene kupita kiasi humlazimu mchezaji kukaza vidole muda wote, na misuli ya kigasha hulipa.

Uzito nimeuacha nje ya orodha hiyo makusudi, kwa sababu wenyewe unaweza kuongezwa. Vibao vingi huwa na gramu kati ya 205 na 240. Chukua chepesi kiasi, kisha ongeza kwa utepe mzito wa risasi au wa tangisteni unaobandikwa ukingoni. Ila jihadhari na mahali unapoubandika. Gramu moja ikiwekwa mbali mara mbili kutoka mkononi, ugumu wake wa kuzungushwa huwa mara nne, si mara mbili. Ndiyo maana vibao viwili vinaweza kulingana kabisa kwenye mizani na bado kimoja kikahisiwa kizito. Uzito ukibandikwa pembeni, kushoto na kulia mwa uso, kibao hutulia pale mpira unapogonga kando. Ukibandikwa kwenye ncha, mpigo huwa mzito na mkono huchelewa karibu na wavu. Wenye maumivu ya kiwiko wapime jambo hili kwa makini kuliko wote, kwa kuwa kano zinazoshikilia misuli ya kigasha hapo kwenye kiwiko ndizo zinazobeba mtikisiko wa kila mpigo uliokosa katikati.

Kujaribu kibao ni kazi ya siku kadhaa. Siku ya kwanza kila kibao kipya ni kizuri, kwa sababu mchezaji anapiga kwa uangalifu ambao hakuwa nao jana. Hukumu itolewe baadaye, umechoka, ukicheza na watu unaowajua, na itolewe kwa mipira laini zaidi kuliko kwa mikwaju. Mkwaju hukupa raha na kibao chochote.

Nieleze kwa nini mipira laini ndiyo mizani. Mchezo huu una kanuni kwamba mpira wa kuanzia lazima udunde, na ule wa kuurudisha pia lazima udunde. Kwa hiyo upande ulioanza hujikuta kwenye mpigo wa tatu ukiwa nyuma, karibu mita 6.7 kutoka wavuni, huku wapinzani wameshasogea mbele. Ukipiga kwa nguvu wanakungoja. Njia ya salama ni kuuinua mpira taratibu upite juu ya wavu, ambao katikati una sentimita 86.4 tu, kisha uanguke ndani ya ile mita 2.13 ambayo wachezaji huiita jikoni, mahali ambapo mpinzani haruhusiwi kuupiga kabla haujadunda. Ukipungua kidogo unaingia wavuni. Ukizidi kidogo unaelea, na mpinzani anaushindilia. Hakuna akili inayokokotoa jambo hilo kwa hesabu wakati mchezo unaendelea. Mkono ndio unaojua, na unajua kwa sababu umeshapiga mpigo huo mara nyingi kwa kibao kilekile, ukaona mpira ulipoangukia, ukajirekebisha. Kibao kikibadilishwa, ujuzi huo haupotei wote, lakini kipimo chake kinakuwa cha uongo. Mbaya zaidi, mchezaji hawezi tena kujua kosa ni la nani. Mpira umeenda mbali kwa sababu alikunja kifundo cha mkono, au kwa sababu kiini ni chembamba kuliko kile cha mwezi jana? Anayedumu na kibao kimoja ameliondoa swali hilo, na kosa likitokea anajua pa kutafuta.

Hata hivyo, nisimdanganye msomaji kwamba kibao chenyewe hubaki kilekile. Kinabadilika, na kinabadilika kwa namna mbili zinazopingana. Uso wa nyuzi za kaboni zisizopakwa rangi huwa na mparuzo unaoung'ang'ania mpira na kuuzungusha. Sheria zimeuwekea mparuzo huo kiwango cha juu, kinachopimwa kwa maikromita. Lakini kila mpigo huulainisha kidogo, na mabaki ya plastiki ya mpira huujaza. Kwa mtu anayecheza karibu kila siku, miezi michache inatosha kuona mpira hauzunguki kama zamani. Wakati huohuo kiini kinakwenda upande mwingine. Vijumba vya sega huanza kulegea, gundi inayoshika ngozi huchoka, na uso hubonyea zaidi unapogongwa. Kibao kinakuwa na nguvu zaidi kuliko siku kiliponunuliwa. Mchezaji aliyedumu nacho huyafuata mabadiliko haya polepole bila kuyatambua, mkono wake ukijirekebisha siku kwa siku, na hiyo ni faida nyingine ya kudumu. Ila kuna mahali mabadiliko hayo yanakuwa ugonjwa.

Ugonjwa huo ulizua mgogoro mkubwa nchini Marekani. Baada ya watengenezaji kuanza kubana kingo za vibao kwa joto na kuzijaza povu, vibao vilipata nguvu isiyozoeleka, na vingine vilizidi kuwa vikali kadiri viini vyake vilivyobomoka ndani. Mei 2024, chama cha USA Pickleball kiliondoa aina kadhaa za vibao vya JOOLA kwenye orodha ya vilivyoidhinishwa, na kampuni hiyo ikakimbilia mahakamani. Mwaka huohuo chama kikaleta kipimo kipya cha kuangalia ni kiasi gani cha kasi kibao kinaurudishia mpira, na kuanzia tarehe 1 Julai 2025 baadhi ya vibao vilivyokuwa halali havikuruhusiwa tena kwenye mashindano yake. Waliovinunua kwa bei ya juu walibaki navyo mikononi. Naliona jambo hilo kuwa dhuluma kwa mnunuzi, ambaye hakuwa na maabara ya kupima kitu, na naliona pia kuwa funzo la kununua. Kibao kinachosifiwa kwa nguvu tu, tena katika msimu wake wa kwanza sokoni, kiachwe kipite msimu huo kwanza. Hili linawahusu hasa wasomaji wetu wanaoagiza vibao kupitia ndugu aliye Marekani, kwa maana kukirudisha dukani si jambo jepesi. Watazame orodha ya vilivyoidhinishwa siku ile ile ya kununua, hata kama hawana mpango wa kushindana.

Dalili za kibao kilichochoka ni nyingi, na sikio ndilo linaloziona kwanza. Gonga uso wote kwa ukucha au sarafu, kidogo kidogo, kutoka katikati hadi kingoni. Sauti iwe moja, ikibadilika polepole tu kuelekea pembeni. Ukikuta mahali panapotoa mlio wa uvungu, ngozi imeachana na kiini hapo. Bonyeza kwa vidole gumba viwili. Ukisikia mchakacho au uso ukizama, vijumba vimepondeka. Mpira ukianza kuruka kwa ghafla kutoka sehemu moja ya uso bila wewe kuongeza nguvu, usifurahie. Kibao hicho si halali tena, na anayesimama mita chache mbele yako anaweza kuumia jicho. Mlio wa chembe zinazocheza ndani ya mpini hausemi mengi, kwani mara nyingi ni kipande cha gundi tu. Ukingo uliobanduka nao unatengenezeka.

Umri wa kibao unategemea pia kinavyotunzwa na mwenyewe. Joto ndilo adui mkubwa. Polipropilini na gundi havipendi gari lililofungwa vioo juani, na kibao kilichosahauliwa kwenye buti kwa mchana mmoja wa joto kali kinaweza kuzeeka ghafla. Kukigonga kwenye nguzo ya wavu kwa hasira kunaponda vijumba vya ukingoni, hata kama nje hakuna alama. Uso wa kaboni usafishwe kwa kipande cha mpira laini kilichotengenezwa kwa kazi hiyo, kisha upanguswe kwa kitambaa chenye unyevu kidogo. Utepe wa mpini ubadilishwe mara tu unapoanza kuteleza, maana unaoteleza hukazwa, na tulishaona kukaza kunaishia wapi.

Limebaki suala la kibao cha pili. Anayependa kibao chake kwa dhati hutamani kuweka kingine cha aina ileile, na anafanya vizuri, kwa sababu watengenezaji hubadilisha matoleo kila mara na aina iliyopo leo huenda mwakani isipatikane. Lakini wengi hukifungia kabatini wakisubiri cha kwanza kife. Siku hiyo ikifika, kile kipya kina mparuzo mkali na kiini kigumu, na mkono uliozoea kibao kilicholegea unakiona kigeni kabisa, ingawa jina ni lilelile. Ni afadhali vyote viwili vitumike kwa zamu tangu mwanzo, kimoja mazoezini na kingine mechini, kisha vibadilishane. Andika tarehe ya kununua kwa kalamu ya wino mzito chini ya mpini, na uzito wake pamoja na utepe ulioongeza, ili cha tatu kikihitajika ujue unatafuta nini.

Juma lijalo tutautazama mpira: ule wa matundu 26 wa ndani na wa matundu 40 wa nje, na kwa nini unapasuka asubuhi za baridi.